Umeuziwa Gari la Kale kwa Maneno Matamu: Mwongozo Kamili wa Kudai Haki Yako, kwa Mnunuzi wa Malindi

Fundi alitoa sumaku mfukoni, ameizungushia kitambaa isikwaruze rangi, akaipitisha kwenye mlango wa Peugeot 504 yangu. Ilinata. Akaishusha taratibu hadi ule ukingo ulio chini ya mlango, ikaanguka mchangani. Akaiokota, akaiweka tena, ikaanguka tena.

"Kaka," akasema bila kunitazama, "hapa hukuuziwa bati. Umeuziwa chapati."

Akachukua bisibisi, akakwangua. Rangi ikatoka, ikafuata fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, nene kama kidole gumba, na nyuma ya fila hakukuwa na chuma chochote, ila gazeti lililokunjwakunjwa na kushindiliwa kwenye tundu la kutu. Kipande kimoja kilikuwa bado na tarehe yake: mwaka 2019. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia, tumekaa barazani kwake tunakunywa kahawa, kwamba gari analo tangu 2009 na bodi yake haijawahi kuguswa. Tena alikuwa ameyaandika maneno hayo kwenye WhatsApp kabla sijamtumia hata shilingi.

Kile kipande cha gazeti nilikitia kwenye mfuko wa nailoni. Ndicho kilichonirudishia pesa, na huko mbele nitaeleza kwa nini. Mimi si wakili. Nimepita njia hii mwenyewe kuanzia gereji hadi mahakamani, na ninayoyaandika ni yale niliyotamani mtu angeniambia mapema. Kama fedha zako ni za mamilioni, tafuta wakili, lakini soma kwanza ili ujue unamwendea na nini.

Sheria inamshika kwa lipi?

Watu wengi hukosea hapa, na wakikosea hapa kesi huwa imekwisha kabla haijaanza. Ukinunua kitu kwa mfanyabiashara anayeuza vitu vya aina hiyo, kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, kinakupa ulinzi wa ubora hata kama hakusema neno. Mtu binafsi anayeuza gari lake mwenyewe hana mzigo huo. Kwake kanuni ni ile ya zamani: mnunuzi ajihadhari. Gari likikufia njiani Gongoni wiki ya pili, hilo peke yake si kosa lake. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 nayo inamlenga aliye katika biashara ya kuuza, kwa hiyo usiitegemee dhidi ya mzee aliyeuza gari moja katika maisha yake.

Kinachomfunga muuzaji binafsi ni kauli yake. Alichokuambia kuhusu gari kabla ya kupokea fedha, kama kilikuwa jambo la kweli au uongo na wewe ukakitegemea, kinaweza kumpeleka mahakamani. Kwa hiyo kabla ya kukasirika, kaa chini uandike kila alichosema, kisha uyachambue maneno yake.

Kuna sifa za sokoni. "Gari safi sana", "linakwenda kama upepo", "hutajuta". Haya ni maneno ya kuuzia tu, hakuna mwamuzi atakayekulipa kwa ajili yake. Halafu kuna kauli za ukweli: "injini ni yake ya asili", "halijawahi kupata ajali", "maili ni hizi hizi", "chasisi haijachomelewa". Hizi ndizo dhahabu yako. Tatu ni kimya. Muuzaji binafsi kwa kawaida halazimiki kukusimulia kasoro zote. Lakini kusema nusu ya ukweli ili kukupotosha ni uongo, na kuficha kwa makusudi, kama kujaza gazeti na kulipaka rangi, ni kusema uongo kwa mikono.

Kuna pia silaha ambayo wengi hawaijui: kifungu cha 15 cha Sura ya 31 hiyo hiyo. Kinasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, basi lazima ilingane na maelezo hayo, na hakisemi muuzaji awe mfanyabiashara. Sheria yetu hii imerithiwa kutoka Uingereza, ndiyo maana mawakili hupenda kutaja kesi ya huko ya 1967, Beale na Taylor. Mtu binafsi alitangaza gazetini Triumph Herald ya 1961. Mnunuzi akaja, akaliangalia, akalinunua kwa pauni 190. Baadaye ikagundulika ni magari mawili yaliyokatwa na kuunganishwa katikati. Nusu ya nyuma ilikuwa ya 1961, nusu ya mbele ya gari la zamani zaidi. Muuzaji mwenyewe hakuwa akijua. Mahakama ya Rufaa bado ilimpa ushindi mnunuzi, pauni 125, kwa sababu tangazo lilisema "1961" na gari halikuwa hivyo. Mwenye gari la kale aikariri kesi hii, maana magari yetu mengi ya Pwani yameishi maisha mawili au matatu.

Upande wa pili wa sarafu ni kesi ya Oscar Chess na Williams ya 1957. Mtu wa kawaida alisema Morris yake ni ya 1948 kwa sababu logbuku, yaani hati ya usajili wa gari, ilisema hivyo, kumbe ni ya 1939. Aliyelinunua alikuwa mwenye biashara ya magari, akashindwa, kwani muuzaji alirudia tu karatasi aliyoiamini na mnunuzi ndiye aliyekuwa mtaalamu. Kwa hiyo utaulizwa: kati yenu wawili, nani alikuwa katika nafasi ya kujua?

Na ule mstari wa "linauzwa jinsi lilivyo"? Usikutishe. Unasaidia dhidi ya malalamiko ya kawaida, haumkingi mtu aliyedanganya akijua.

Siku ya kwanza: usiguse kitu

Ukigundua tu, simamisha gari. Usilitengeneze, usilipeleke harusini Mambrui, usilipangishe kwa watalii. Kila siku unayoendelea kulitumia ukijua kasoro unajenga hoja ya mwenzako kwamba umelikubali. Haki ya kurudisha gari na kupewa fedha zote ni haki inayooza haraka: huipoteza ukichelewa, ukilikubali kwa matendo, ukiliuza, au hali yake ikibadilika hata lisiweze kurudishwa kama lilivyokuja. Ukiipoteza hiyo, bado unabaki na fidia.

Usimpigie simu kumtukana. Mwandikie ujumbe mfupi: "Mzee, shikamoo. Fundi amefungua ukingo wa chini upande wa dereva, amekuta fila na gazeti. Uliniambia bodi haijaguswa. Naomba tuzungumze." Ujumbe huo unaweka tarehe. Na mara nyingi jibu lake huwa ushahidi bora kuliko vyote. Wangu alijibu, "Hiyo ni kazi ndogo tu, fundi alirekebisha kidogo." Alikuwa ameshakiri kwamba iliguswa.

Kusanya ushahidi kabla haujapotea

Tangazo la mtandaoni ndilo la kwanza, maana ndilo la kwanza kufutwa. Lipige picha ya skrini pamoja na tarehe. Kisha mazungumzo yote ya WhatsApp, sauti zikiwemo. Usizihariri, usifute hata zile zinazokuumiza. Simu yenyewe itunze. Kwa ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza jinsi nakala zilivyopatikana, kwa kifaa gani, na nani aliyezichapisha. Ni ukurasa mmoja, unautia sahihi. Mahakama ya Madai Madogo haifungwi sana na kanuni za ushahidi, lakini nilikiandika cha kwangu hata hivyo. Kilinigharimu nusu saa.

Malipo: taarifa ya M-Pesa au ya benki. Kama mliandikiana mkataba, vizuri. Kama hamkuandikiana, usikate tamaa. Kifungu cha 6 cha Sura ya 31 kinadai maandishi kwa bidhaa ya shilingi 200 kwenda juu, lakini sharti hilo linakidhiwa pia ukiwa umelipa chochote au umepokea na kukubali bidhaa. Gari liko uani kwako na hela ziko kwake, mkataba upo.

Logbuku na rekodi ya NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari. Kupitia eCitizen unaweza kutafuta gari kwa namba yake na kuona mwenye jina, namba ya chasisi na ya injini. Linganisha na zilizochongwa kwenye chuma, kwa tochi, wewe na fundi mkiwa pamoja. Kwa gari la kale hapa ndipo mambo hufichuka: injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa, chasisi ya gari jingine, au aliyekuuzia si mwenye jina kabisa. Hili la mwisho ni kesi nyingine na nzito zaidi, kwani kifungu cha 14 cha Sura ya 31 kinataka muuzaji awe na haki ya kuuza.

Mwisho ripoti ya mtaalamu. Fundi wako wa kila siku ni shahidi mzuri wa alichokiona, lakini mwenzako atasema ni rafiki yako. Tafuta mkaguzi asiyekujua; AA ya Kenya, chama cha wenye magari, hukagua na kuthamini magari. Mwombe aandike mambo matatu: kasoro ni ipi, ina umri gani kwa makadirio, na gari lina thamani gani katika hali hiyo. Hilo la umri watu hulisahau. Kutu ya hewa ya chumvi hapa kwetu inakula haraka, na muuzaji atasema imeanza ukiwa nalo wewe. Gazeti langu la 2019 lilimziba mdomo hapo: lilionyesha kazi ile ilifanyika gari likiwa mikononi mwake, kwa hiyo alijua. Kutoka kukosea hadi kulaghai, tofauti ni kujua.

Amua unataka nini

Ama unarudisha gari na kudai fedha zako, ama unabaki nalo na kudai pengo. Huwezi yote mawili. Hesabu ya pengo ni rahisi: thamani ambayo gari lingekuwa nayo kama maneno yake yangekuwa kweli, ukitoa thamani lililonayo. Mimi nilinunua kwa shilingi 480,000. Mkaguzi akaandika 290,000. Pengo ni 190,000, na juu yake gharama ya ripoti na ya kulivuta gari. Nilibaki nalo, maana, kusema kweli, naipenda 504. Usilete hesabu ya usumbufu wa roho wala usingizi uliokosa. Inakuondolea heshima mbele ya mwamuzi.

Barua ya madai

Usiruke hatua hii. Ukishtaki bila kumpa mtu onyo unaweza kunyimwa gharama za kesi hata ukishinda. Haihitaji Kiingereza wala maneno makubwa. Taja tarehe ya mauzo, gari na namba yake, maneno yake kama alivyoyasema, kilichogundulika, unachodai, muda, na utakachofanya muda ukipita. Ya kwangu ilikuwa na kiini hiki:

"Tarehe tuliyouziana ulinithibitishia kwa maandishi kwamba bodi ya gari hili haijawahi kuguswa. Ukaguzi umeonyesha kingo zote mbili za chini zimeoza na kujazwa fila na karatasi. Nilinunua kwa kutegemea kauli yako. Nadai shilingi 190,000 pamoja na gharama za ukaguzi ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii. Usipolipa, nitafungua kesi bila taarifa nyingine."

Ipeleke kwa mkono ukiwa na shahidi, apokee kwa sahihi kwenye nakala. Akikataa kutia sahihi, shahidi aandike kwamba amekataa. Na itume pia kwa WhatsApp, zile alama mbili za buluu zina kazi yake.

Wazee, kadhi na meza ya mapatano

Malindi si mji mkubwa. Aliyekuuzia huenda mnaswali safu moja, au binti yake kaolewa na jamaa yako. Kupitia wazee si udhaifu. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inahimiza upatanisho. Ila mkipatana, andikeni: kiasi, tarehe za kulipa, na itakuwaje asipolipa. Na weka mpaka wa muda kichwani mwako. Kuna watu hutumia mapatano kukuchosha tu, leo mgonjwa, kesho yuko Mombasa, mtondo kuna matanga.

Wengine hukimbilia kwa kadhi kwa kuwa wote wawili ni Waislamu. Kadhi anaweza kuwapatanisha kama mtu wa heshima, lakini mahakama yake, kwa ibara ya 170, inashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Gari halimo.

Mahakamani

Dai lisilozidi shilingi milioni moja lina nyumba yake: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza mikataba ya uuzaji wa bidhaa, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, hukumu isipite siku tatu baada ya kumaliza kusikilizwa. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu, kwa hiyo ukweli wako wote umwage pale pale chini. Dai likizidi milioni, nenda kwa hakimu. Hakimu mkazi anafika milioni 5, hakimu mkuu milioni 20. Usiligawe dai moja vipande viwili ili litoshee, hairuhusiwi.

Ushtaki wapi? Anapoishi mdaiwa, au mahali chanzo cha madai kilipotokea. Mtu akiwa Lamu kisiwani, ambako punda ndiye mwenye barabara, na gari alikuwa nalo bara akaja kukukabidhi na kupokea malipo Malindi, unaweza kushtaki Malindi. Nenda masjala ya mahakama na barua yako, ripoti na vielelezo vikiwa vimepewa namba. Fomu hufunguliwa kwa mfumo wa mtandao wa Mahakama, karani au mwenye saiba atakusaidia kuipakia. Kisha mdaiwa apelekewe hati rasmi, na wewe uwe na hati ya kiapo kuthibitisha amepelekewa. Kesi nyingi hukwama hapa, si kwenye haki.

Siku ya kusikilizwa, mlete fundi. Mwamuzi aliuliza swali moja tu ambalo bado nalikumbuka: "Ungejua, ungelinunua?" Nikajibu ningelinunua kwa bei nyingine. Jibu hilo lilikuwa la kweli na lilinisaidia kuliko hotuba yoyote, kwa sababu ndiyo maana ya pengo. Kabla ya hukumu, mtoto wa yule mzee akaomba tutoke nje. Tulikubaliana 180,000 kwa awamu mbili, tukarudi ndani, makubaliano yakaandikwa kuwa amri ya mahakama. Sisitiza hilo la amri. Asipolipa, huanzi upya. Unaomba utekelezaji, na dalali wa mahakama anakwenda kukamata mali.

Kuhusu muda: madai ya mkataba yana miaka 6, ya ulaghai kama kosa la madai miaka 3, na pale ulaghai ulipofichwa saa huanza kuhesabu siku ulipoujua au ulipopaswa kuujua. Lakini nimeshasema, gari la Pwani halisubiri miaka 6.

Vipi polisi?

Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupata mali kwa hila, kifungo hadi miaka 3. Kinataka kauli ya uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo, na aliyesema awe anajua ni uongo. Ahadi ya kesho haimo. Logbuku ya kughushi au namba ya chasisi iliyofutwa, nenda kituoni siku hiyo hiyo, andikisha, chukua namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kwa fila na kutu, polisi watakwambia hili ni la madai, na mara nyingi watakuwa sawa. Usiwatumie kama wakusanya madeni. Nimeona mtu akitishia kumfunga mwenzake ili alipwe, akaishia yeye ndiye anayeulizwa maswali.

Ukirudisha gari, rudisha na jina

Jambo dogo linalowaponza watu. Chini ya kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, mwenye jina kwenye rekodi huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Mkikubaliana kurudisha, usiache funguo na kuondoka. Fanyeni uhamisho wa umiliki kwa akaunti zenu za eCitizen mkiwa mmekaa pamoja, fedha ziingie kwanza, akubali uhamisho kwenye simu yake mbele yako, piga picha ya maili na ya gari pande zote nne, muandikiane tarehe na saa ya makabidhiano. Ondoa bima yako. Kisha ndipo umpe funguo.